Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: kwenye cheti cha dawa andikeni na maharage

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, Mkurugenzi Mtendaji wa Taasisi ya Chakula na Lishe, na wakurugenzi wa halmashauri zote nchini.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima kutoka Morogoro. Nilifundisha Sayansi Kimu kwenye shule za sekondari kwa miaka 31, nikastaafu, na kiinua mgongo kikafungua banda la chakula lisilo mbali na geti la hospitali. Nina sukari, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Jambo ninalowaandikia nimelijua darasani, nikalijua jikoni, kisha nikalijua nikiwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa.

Sikuja kulalamikia dawa. Nimekuja na karatasi.

Karatasi yenyewe ni ya ushauri wa chakula; nilipewa siku ya kwanza ya kliniki ya sukari na ninayo mpaka leo. Kliniki siitaji, maana wauguzi wake wamenitendea wema mwingi na karatasi hawakuitunga wao. Imetolewa nakala juu ya nakala mpaka herufi zimefifia. Upande wa "kula kwa wingi" pana brokoli, tufaha, jibini isiyo na mafuta, mkate wa ngano isiyokobolewa, mafuta ya zeituni. Upande wa "epuka" neno la kwanza kabisa ni wanga.

Mzee mmoja aliyekaa nami kwenye benchi, mkulima wa upande wa Mvuha, aliishika karatasi yake mbali na macho, akaisoma taratibu, kisha akanigeukia. "Mama, hii brokoli ni kitu gani?" Nikamwambia ni mboga, inafanana na koliflawa. Akafikiri kidogo. "Na koliflawa?"

Alikuwa ameondoka kwake usiku wa manane akiwa na tumbo tupu, kwa sababu kipimo cha asubuhi ndivyo kinavyotaka. Mashine ilimsomea sukari ya 16.4, ambayo iko juu sana. Akaingia kwa daktari, na kabla sijamaliza kutafuta kadi yangu kwenye mkoba alikuwa ameshatoka, mkononi ana vidonge vya metfomini vya kushusha sukari, vya mwezi mmoja, na ile karatasi. Nje ya geti akala alichokijua: chapati mbili, supu, chai ya rangi yenye sukari vijiko vitatu, na soda akaibeba ya njiani. Hakukaidi sharti lolote. Karatasi ilimkataza wanga, na kwa Kiswahili cha kwao wanga ni wale watu wanaozunguka nyumba za wenzao usiku wakiwa uchi. Hao alikuwa akiwaepuka tangu utoto wake.

Nilicheka siku ile. Siku hizi sicheki sana. Mzee yule alipewa vidonge vilivyoandikwa kwa miligramu, asubuhi kimoja na jioni kimoja, baada ya kula. Chakula, ambacho ndicho kinachoipandisha sukari au kuishusha mara tatu kila siku, alipewa kwa maneno ya nchi nyingine bila kipimo. Ombi langu ni moja: chakula kiandikwe kama dawa inavyoandikwa, kwa majina yetu, kwa vipimo vyetu, na awepo mtu wa kukifuatilia. Na nikisema chakula, nakusudia zaidi kile tulichokuwa tukikiita mboga kabla hatujaanza kukionea aibu.

Mama yangu alikuwa Mgogo wa Mpwapwa. Kwetu ugali ulikuwa wa uwele au mtama, mboga ilikuwa mlenda, kunde, majani ya kunde, na maziwa yalipokuwepo. Ng'ombe walikuwa zizini, lakini ng'ombe alikuwa akiba ya nyumba. Hakuchinjwa mpaka kuwe na harusi au msiba, au mpaka aanguke mwenyewe. Nyama tulikula kwa kuhesabu. Hakuna aliyejiita mla mboga. Sitaki kuwapambia pia: miaka ya ukame njaa iliingia ndani, na wadogo zetu walivimba miguu kwa utapiamlo. Lakini mtu mwenye sukari nilimwona kwa mara ya kwanza nilipokuja kusoma mjini.

Haya si macho ya mtoto peke yake. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili, waliopima watu katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika mmoja katika kila watu mia. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliwapima watu wa miaka 25 hadi 64, wakapatikana 9.1 katika kila mia. Waliopimwa mara ya kwanza walikuwa wa vijijini tu, na umri haukulingana, kwa hiyo anayesema ugonjwa umepanda mara kumi kamili anatia chumvi. Hata ukiipunguza chumvi hiyo, sufuria iliyobaki ni nzito.

Kwenye uchunguzi wa mambo ya kula, kuna mmoja ambao Wapare na watu wa Mara wanapaswa kuujua kuliko wengine, kwa kuwa Wasabato walifika Upareni tangu 1903, kisha Mara, na waumini wengi hadi leo wanafundishwa kupunguza nyama. Watafiti wa Loma Linda, California, waliwafuatilia Wasabato wa Marekani na Kanada, watu zaidi ya 60,000. Uzuri wa kundi hilo ni kwamba wengi wao hawavuti sigara wala hawanywi pombe, basi ukilinganisha sahani zao hukisingizii chakula kosa la sigara. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kuwa kati ya wasiogusa nyama, mayai wala maziwa, wenye kisukari cha ukubwani, yaani aina ya pili, walikuwa 2.9 katika kila mia. Kati ya wanaokula kila kitu walikuwa 7.6. Wala mboga walikuwa wembamba pia, na hilo lilichangia, lakini hata uzito ulipozingatiwa katika hesabu tofauti haikufutika.

Kwa wale ambao tayari tunao ugonjwa, mwaka 2006 Dakta Neal Barnard na wenzake walichapisha jaribio la majuma 22. Watu 99 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likala vyakula vya mimea vyenye mafuta kidogo, jingine likafuata mwongozo wa kawaida wa kisukari wa Marekani. Wote walipata nafuu. Waliopunguziwa dawa walikuwa 43 katika mia kwa kundi la mimea na 26 kwa lile jingine. Na kwa wale wanaoukaribia ugonjwa, jaribio kubwa la Marekani la 2002 lilionyesha kwamba kupunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki kulizuia kisukari kwa asilimia 58, na metfomini kwa asilimia 31. Kidonge kinasaidia, na mimi nakimeza kila siku. Ila sahani na miguu vilikishinda karibu mara mbili, na kwenye bajeti ya kliniki havina fungu.

Hapa natakiwa kuwa mkweli, maana wapo watu wangu wa kanisani watakaodhani nimewaandikia kwamba nyama ndiyo shetani. Mwaka 1991 jarida la BMJ lilichapisha uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam kwenye jumuiya mbalimbali za Wahindu, watu ambao wengi wao hawali nyama vizazi na vizazi. Kisukari kilikuwepo kwa wingi, na viwango vilipishana sana kati ya jumuiya na jumuiya. Samli, wali mweupe, vitu vya kukaanga na mithai havina nyama ndani yake. Chipsi hazina nyama. Andazi halina. Soda ya chupa ya kawaida ina sukari ya vijiko tisa hivi vya chai, na haijawahi kukutana na ng'ombe. Mtu anaweza kuishi kwa chapati, chipsi na soda akajiita mla mboga, na sukari yake ikamfikisha mahali ambapo nyama choma isingemfikisha upesi hivyo.

Kwa hiyo nikisema mboga nasema kunde, choroko, mbaazi, maharage, dengu, njugu mawe. Nasema mchicha, matembele, kisamvu, mnafu, bamia, nyanya chungu, majani ya maboga. Maharage nayo yana wanga, lakini wanga wake umefungwa kwenye nyuzinyuzi, tumbo linaufungua polepole, na sukari inaingia kwenye damu kidogo kidogo kama maji ya bomba bovu. Ugali wa sembe unafungulia bomba zima. Tena kunde hushibisha. Aliyeanza na bakuli la kunde na mchicha hamalizi ugali aliouzoea, hata umsimamie. Uzito ukishuka, ini na misuli vinaanza kuisikia tena insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari ya damu, ambayo vilikuwa vimeizibia masikio.

Nilijipima kwa makusudi, kama nilivyokuwa nikiwafanyisha majaribio wanafunzi wangu. Siku ya kwanza ugali wa sembe ngumi mbili, nyama ya kukaanga na kachumbari. Baada ya saa mbili, 13.7. Wiki iliyofuata, saa ileile, dona ngumi moja, kunde bakuli zima, mchicha nusu sahani. Baada ya saa mbili, 9.2. Nikarudia mara nne, namba zikapanda na kushuka ila kunde hazikushindwa hata mara moja. Mtu mmoja si utafiti, najua. Ningeendelea, lakini stripu za kupimia ziliniishia na pakiti nyingine ilikuwa bei ya chakula cha siku nne.

Wapo wanaofundisha mitandaoni kwamba mtu aache wanga wote, ale nyama, mayai na mafuta. Sukari hushuka, siwezi kukataa, nimewaona wateja wangu ikishuka. Ila sokoni kwetu, pale kwa Chifu Kingalu, kilo ya nyama imepita shilingi 10,000 na kilo ya kunde naipata kwa 3,000. Wengi huanza kwa nguvu Januari, na Machi wamerudi kwenye sembe na chai, sasa na aibu juu yake.

Sasa niwaeleze kilichonipata, ili msije mkachapisha karatasi mpya mkadhani kazi imekwisha.

Mwaka wa tatu wa ugonjwa nilibadilisha chakula kwa pupa. Sembe nikaitupa, nyama nikaiacha, nikawa naishi kwa kunde, mboga na maparachichi. Wakati huo nilikuwa natumia metfomini pamoja na glibenklamidi. Hakuna aliyeniambia kwamba glibenklamidi inakamua kongosho litoe insulini uwe umekula kingi au umekula kidogo, na kwamba ukipunguza wanga ghafla dozi nayo lazima iangaliwe upya. Siku ya tisa niko sokoni nachagua nyanya za Mgeta, mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka kama nimemwagiwa ndoo, na nyanya nikaziona mbilimbili. Niliketi chini kwenye matope na gauni langu la Jumapili. Kijana wa bodaboda, ambaye mama yake naye ni mgonjwa, alinitazama usoni mara moja tu, akakimbia kibandani, akarudi na soda na kuninywesha kwa nguvu.

Ndiyo, soda. Ile ninayoitukana asubuhi hadi jioni ndiyo iliyonirudisha, na tangu siku hiyo natembea na pipi mbili mkobani. Nilipokwenda kliniki, daktari aliniambia nisibadilishe chakula tena bila kuwauliza. Nikamuuliza nimuulize nani, siku gani. Akatabasamu kwa uchovu, mlangoni kulikuwa na watu kama arobaini.

La pili lilikuja polepole. Nyayo zangu zilianza kufa ganzi. Kila mtu alisema ni sukari imekula mishipa ya fahamu, na huenda kweli ilikuwa nayo sehemu yake. Daktari kijana wa zamu ndiye aliyeuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi: metfomini umetumia miaka mingapi, na nyama, samaki, mayai unakula? Metfomini ikitumika miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na vitamini hiyo haipatikani kwenye mimea. Iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mimi nilikuwa nimeziba mlango na dirisha kwa pamoja. Nikachomwa sindano za B12, ganzi ikapungua, haikwisha yote. Siku hizi nakula dagaa mara mbili kwa wiki na yai likipatikana, na anayeniita mla mboga wa uongo namkubalia.

Kuna na wengine ambao barua yangu haiwahusu kwa namna hiyo, na naomba karatasi yenu iwataje kwa herufi kubwa. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana insulini kabisa, na hakuna mchicha wala mlonge utakaoziba pengo hilo. Akinyimwa sindano anakufa. Mjini kwetu wapo wauza juisi za majani wanaowaambia wazazi vinginevyo. Na mgonjwa ambaye figo zimeanza kuchoka anaweza kudhurika kwa maharage mengi na majani mengi kwa sababu ya madini ya potasiamu yaliyomo, ambayo figo hizo hushindwa kuyatoa. Huyo anahitaji kupangiwa chakula chake na mtaalamu, na asipange kwa kumwangalia jirani.

Mnaona basi kwa nini nasema chakula ni dawa inayohitaji kuandikwa. Ina dozi, ina madhara, inagongana na dawa nyingine. Kila halmashauri ina afisa lishe. Kwenye kliniki ya sukari sijawahi kumkuta. Nikiuliza naambiwa yuko kwenye mambo ya watoto chini ya miaka mitano, na sina kinyongo na watoto hao. Nimewafundisha mama zao. Lakini kwa watoto mliweza: wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe, halmashauri zikaagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani, na mkuu wa mkoa anaulizwa mbele ya kamera kama hazikutoka. Kwa babu na bibi wa mtoto huyo, wanaokatwa miguu, hakuna anayeulizwa hata shilingi mia. Ongezeni kipengele kimoja tu kwenye mkataba uleule: siku ya kliniki ya sukari afisa lishe awe na kiti chake karibu na daktari, mgonjwa atoke kwa huyu aingie kwa yule, na anayebadilishiwa chakula apangiwe kurudi baada ya wiki moja kupimwa na kupunguziwa vidonge ikibidi. Huyu afisa asipofika vijijini, mnao wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao mliuzindua Januari 2024. Wafundisheni ngumi moja ya ugali ni kiasi gani. Wanaingia kila nyumba.

Maandishi nayo mnayo. Mwongozo wa taifa wa chakula na ulaji ulitoka 2023, una vyakula vyetu kwa majina, na Taasisi ya Chakula na Lishe imefanya kazi nzuri. Nilionyeshwa na mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kwenye kompyuta yake. Kwenye benchi la kliniki bado tunagawana brokoli. Mtu atoe kurasa mbili tu humo ndani, kwa kila kanda na sufuria yake: Dodoma mlenda na uwele, Pwani mbaazi na kisamvu, Kagera ndizi na maharage, Kigoma mihogo na dagaa. Vipimo viwe ngumi, kikombe na kijiko. Na neno wanga mlifafanue, kwa ajili ya mzee wangu.

Sasa niseme kuhusu mkaa, ambao kwenye semina za lishe sijapata kuusikia. Mkinisikia nasema kunde ni rahisi, mama wa Kihonda atanicheka. Kilo ni rahisi. Kuiva ndiko ghali. Maharage makavu yanakaa jikoni saa mbili au tatu, na mkaa wa kopo unaisha kabla ya maharage kulainika, kwa hiyo mama ananunua nyama robo inayoiva dakika ishirini, au anakaanga mayai na chipsi. Akigawiwa mtungi mdogo wa gesi anachemshia chai na kupashia kiporo. Maharage hathubutu, gesi ile anaitunza. Serikali ina Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko. Naomba watu wa afya mkae na watu wa nishati meza moja. Jiko la umeme la presha linaivisha nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha bila kumaliza uniti moja. Ninalo bandani, nimelinunua kwa mkopo wa kikundi, na ndilo lililoniwezesha kuuza bakuli la kunde kwa 1,000 badala ya 1,500. Mgonjwa wa sukari akikopeshwa jiko hilo amepewa dawa ya miaka kadhaa.

Na mnunuzi awepo. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa kuagiza mbaazi, bei iliporomoka kwa wakulima wetu wa Lindi, Mtwara na Manyara, magunia yakabaki ndani yakiliwa na wadudu. Nchi ilikuwa na protini kwa maelfu ya tani na haikujua ifanye nini nayo, kwa sababu tulishajifunza kuiona mbaazi kuwa ni ya kuuza kwa Wahindi. Jela zipo, vyuo vipo, shule za bweni zipo, hospitali zipo. Zabuni zao za chakula zinaandikwa na watu wenye mihuri, na mwenye muhuri anaweza kuandika mbaazi siku tatu kwa wiki.

Kwenye zabuni hizo ningeomba na dona, kwa tahadhari. Dona si dawa. Ukiila ngumi tatu sukari itapanda tu. Ila sembe limevuliwa kiini na pumba pale mashineni, na pumba zile anakula nguruwe wa jirani yangu, ambaye kwa hakika analishwa vizuri kuliko wanafunzi wa bweni. Tahadhari ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyoshika ukungu, na dona linabeba kila kilichokuwa kwenye ganda. Anayeagiza dona bila kuagiza mahindi yaanikwe juu ya turubai na kupimwa unyevu atakuwa ametibu hiki na kuleta kile.

Jambo la mwisho, na hili naona haya kulisema lakini nitalisema. Tarehe 14 Novemba ni Siku ya Kisukari Duniani. Miaka michache nyuma nilialikwa kwenye maadhimisho, mji sitautaja. Tulipimwa bure, jambo jema, tukasikiliza hotuba nzuri kuhusu mtindo wa maisha. Saa saba ikagawiwa boksi kwa kila mmoja: chipsi, kuku wa kukaanga, andazi na soda. Wagonjwa sitini wa sukari tumekaa chini ya turubai na maboksi yetu mapajani, mgeni rasmi anatutazama, sisi tunamtazama. Aliyeanza kufungua ni daktari. Sikumlaumu, alikuwa na njaa kama sisi. Boksi lile mtu alilipangia bajeti, mtu akalisainia, na mtu huyo ana bosi, na bosi wake anaisoma barua hii. Semina zenu za afya zianze kuagiza kunde, njugu mawe, matunda na maji, mwaka huu huu. Hilo halihitaji mfadhili.

Yule mzee wa Mvuha anaendelea vizuri. Nilimwandikia karatasi yangu kwa mkono, upande mmoja tu: asubuhi uji wa ulezi kikombe kimoja bila sukari na njugu mawe kiganja kimoja; mchana anaanza kunde, ugali unafuata; jioni mboga nusu sahani; na mwisho, kwa wino mwekundu, "ukitetemeka, kunywa kitu chenye sukari, kisha uje hospitali." Ameshanirudishia mara mbili niandike upya kwa kuwa ilichakaa mfukoni. Mwezi uliopita mashine ilimsomea 8.1, daktari akampunguzia kidonge kimoja. Kila akitoka kliniki anapitia bandani, anavua kofia, anauliza, "Mama, leo brokoli ipo?" Namjazia matembele.

Kliniki yetu ni kila Jumanne. Kunde naziloweka Jumatatu jioni. Mkija, njooni kabla ya saa nne, maana zinaisha.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu na mgonjwa wa sukari,
Morogoro